Dawa ya Mtu si Dawa ya Sungura

Wanafunzi wenzangu, na ninyi kaka zetu mliokwisha kutoka katika shule hii, nawaomba mnipe nafasi kidogo nieleze maoni yangu juu ya jambo ambalo labda wengine watalicheka. Nataka kusema habari za kidonda cha sungura.

Hapa Kigobe, kama katika mitaa mingine ya Bujumbura, si ajabu kukuta banda la sungura nyuma ya nyumba. Wengine huwafuga kwa nyama, wengine kwa kuuza, na wengine, kama mimi, hufuga mmoja au wawili kwa kuwapenda tu, tena huwapa majina. Basi mnyama huyu akikwaruzwa na waya wa banda, au akiumwa na mwenzake, twamtendea kwa njia mbili, na zote mbili naziona mbaya. Ya kwanza ni kumwacha, tukisema, "Ni sungura tu, atapona." Ya pili ni kumpa dawa yo yote iliyobaki nyumbani.

Yafaa kwanza tumjue mnyama wetu. Ng'ombe na mbuzi wamefugwa na wazee wetu tangu zamani sana, na hekima ya kuwatunza tumeirithi kwao. Lakini sungura wa kufugwa ni mgeni. Asili yake ni Ulaya, katika nchi za Hispania na Ureno. Ngozi yake ni nyembamba, hupasuka upesi. Hawezi kutapika, kwa hiyo kila anachokilamba hukaa tumboni mwake. Tena huficha maumivu, maana porini mnyama aonekanaye dhaifu ndiye akamatwaye kwanza. Asipolia, tusidhani kwamba haumwi.

Tukimwacha bila kumwangalia, nzi hutaga mayai penye kidonda. Katika joto letu mayai hayo yaweza kuanguliwa kabla siku haijaisha, na mabuu huanza kula nyama ya mnyama aliye hai. Kidonda cha kuumwa nacho chaweza kujifunga juu, kumbe ndani mna usaha. Na usaha wa sungura ni mzito kama jibini, hautoki wenyewe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Njia ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu hufanywa kwa mapenzi. Wako wanaofungua kidonge cha amoksisilini, ambayo ni ya jamii ya penisilini, wakamlisha sungura. Penisilini imeokoa watu wengi sana tangu Alexander Fleming alipoigundua huko London mwaka 1928. Lakini tumboni mwa sungura mna vijidudu vyema vinavyomsaidia kusaga majani. Dawa za jamii hiyo zikipita kinywani huviua hivyo vyema, na vile vibaya huzidi na kutoa sumu. Mnyama huhara, na mara nyingi hufa. Alikuwa na mkwaruzo tu, akauawa na dawa! Spiriti nayo huunguza nyama mbichi, na mafuta ya taa ni sumu akiyalamba.

Je, tufanye nini? Mtu mmoja amfunge sungura katika taulo, pua ikiwa wazi, na aishikilie vema miguu ya nyuma, kwani akirusha teke kwa nguvu aweza kujivunja mgongo. Ikiwa damu inatoka, kidonda kibonyezwe kwa kitambaa safi kwa dakika chache. Kisha mwingine akate manyoya yaliyokizunguka, pole pole, asikate ngozi. Yachemshwe maji nusu lita, yatiwe kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaachwe mpaka yawe vuguvugu, halafu yaoshee kidonda. Kikaushwe kwa kitambaa safi bila kusugua. Kisifungwe bendeji, maana ataitafuna. Banda lisafishwe, litiwe nyasi kavu, na mwenzake aliyemwuma atengwe. Kidonda kitazamwe asubuhi na jioni.

Lakini kidonda kikiwa kirefu, au kikiwa cha meno ya mbwa au paka, au kikivimba, kikinuka au kuonekana mabuu, kazi yetu imekwisha. Kadhalika sungura akikataa kula kwa nusu siku. Hapo hapana budi kumpeleka kwa daktari wa mifugo siku ile ile.

Najua nitaulizwa, "Watu wenyewe wanakosa dawa, nawe wahangaikia sungura?" Hilo ni swali la haki, nami nitalijibu. Kwanza, maji na chumvi havimnyang'anyi mgonjwa ye yote dawa yake. Anayemlisha sungura vidonge vya watu ndiye anayeitupa dawa ya watu. Pili, sungura hakuja kwetu kwa hiari yake. Sisi ndio tuliomfungia mlango, hawezi kwenda kujitafutia msaada. Basi wajibu ni wetu. Tatu, tuna deni. Mwaka 1885, huko Paris, Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa. Chanjo ile ilitengenezwa kwa uti wa mgongo wa sungura, na mtoto yule akapona.

Tena, jambo lenyewe halikomi kwa sungura. Ile desturi ya kukisia dawa, ya kusema "hii ilimfaa fulani, basi itamfaa na huyu," ndiyo hiyo hiyo tunayoitumia kwa wadogo zetu wakishikwa na homa. Kwa hiyo ninyi kaka zetu ambao sasa mna watoto, wakiwaomba sungura wa kufuga, msiwakatalie. Wapeni, na siku atakapopata mkwaruzo waonyesheni namna ya kuuosha. Mtoto aliyezoea kuosha kidonda kwa maji safi, na kuuzuia mkono wake usitoe dawa asiyoijua, hatampa ndugu yake kidonge cha kukisia.