Ukate ufito, lakini upande gani?

Jamani, juzi nilikuwa Muhuru Bay na ufito wangu wa kuvulia, sentimita 210, ukigonga kila mtu mtumbwini. Wa kwanza niliukata ncha. Ukawa mgumu kama mpini wa jembe. Mbuta alipovuta, ndoana ikachomoka. (Wavuvi wa nyavu walinicheka sana.)

Mimi nasema kata shina. Unene ukiwa mara mbili, ugumu wa kupinda huwa mara 16. Kwa hiyo shina hupinda kidogo tu, kazi kubwa inafanywa na ncha. Anayekuambia hakuna kitakachobadilika kabisa anakudanganya: hata hapo ufito utakaza kidogo.

Sisi waandishi wa programu tunajaribu kwanza, sivyo? Basi bana shina mezani, tundika nusu kilo kwenye ncha, pima inashuka kiasi gani. Kisha bana pale unapotaka kukata, upime tena. Tofauti ikikuudhi, hujaharibu kitu. Mimi niliishia kutoa sentimita 20. Zungushia tepu kabla ya kukata, tumia msumeno wa meno madogo, na ufito ukiwa wa kaboni usivute vumbi lake.