Tindikali Si Sabuni

Wakati wa kiangazi vumbi la Kizota huganda kwenye mafuta ya injini ya pikipiki. Kifuniko cha injini ni cha alumini, nacho huwa cheusi. Mwenyewe hutaka king'ae. Basi wako waoshaji wanaotumia tindikali ya betri.

Mimi sikubaliani nao. Alumini haishiki kutu nyekundu kama chuma. Hujifunika utando mwembamba, na utando huo ndio kinga yake. Tindikali huula. Kifuniko hung'aa siku chache, kisha hupauka na kutoboka vishimo. Na kijana anayeosha? Tindikali ikimrukia jichoni inaweza kumpofusha. Jicho halina spea.

Ukwaju tunao hapa Dodoma. Subiri injini ipoe. Ondoa mafuta kwa sabuni. Loweka ukwaju, paka maji yake kwa kitambaa laini, sugua polepole, kisha suuza vizuri. Usitumie mchanga, maana hukwaruza. Tazama sufuria zetu!

Ukwaju hauleti mng'ao wa kioo, nakubali. Mwenye pikipiki anayetaka mng'ao wa tindikali, na aishike kwa mikono yake mwenyewe.