Adhabu ya kuni iishe



Ninaandika haya kama mkubwa wa wanafunzi, lakini mwanzo wake ni kosa langu mwenyewe. Mwezi uliopita watoto wanne wa madarasa ya chini walichelewa ibada ya asubuhi. Nikawapa adhabu ile tunayoijua sisi wote: kila mmoja alete mzigo wa kuni kwa jiko la shule. Zamani adhabu hii ilikuwa ya saa moja tu. Mara hii walirudi jua limekwisha kuzama, miguu yao imejaa vumbi. Msichana mmoja akaniambia bila hasira: "Yaya, kuni ya karibu ilishaisha. Kesho utatutuma mpaka wapi?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile neno lake haliniachi.

Ndugu zangu, mnajua kwamba dunia yote sasa inazungumza juu ya vitu vya kuunguza. Mwezi wa Desemba 2023, kule Dubai, mataifa yalipatana kwamba ni lazima kuondoka katika makaa ya mawe, mafuta na gesi. Sababu yake tumeisoma darasani: vitu hivyo vikiungua vinatoa hewa chafu inayoshika joto juu ya dunia, na hewa yenye joto inabeba maji mengi zaidi. Kwa hiyo mvua inapoteza kipimo chake. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda mpaka likaingia ndani ya nyumba za watu wa Kalemie. Sisemi kwamba kila gharika inatoka kwa gari za Ulaya na Marekani. Nasema hivi tu: mvua ikiharibika, asiye na gari naye analowana.

Wengine wetu wanasema: "Mambo hayo ni ya Wazungu. Sisi hatuna kiwanda, tuna taa ya petroli tu." Nawajibu: tazameni mto wetu! Luvua unatoka Ziwa Mweru kule Pweto, na hapa Piana-Mwanga unaanguka kwa nguvu. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Wabelgiji, Géomines, ilijenga hapa kituo cha umeme. Maji yakazungusha mashine, na umeme ukasafiri kwa waya zaidi ya kilomita 80 mpaka mgodi wa bati wa Manono. Bila moshi, bila mazuti. Wakati wa Wabelgiji vilevile watu walichimba makaa ya mawe ya Lukuga, karibu na Kalemie. Kumbe jimbo letu lilikuwa na njia zote mbili, ile ya moshi na ile ya maji, mbele ya mikutano ya leo. Baadaye mgodi ukaanguka, vita ikapita, na kituo cha megawati karibu 29 kikalala.

Siku hizi jina la Piana-Mwanga linasikika tena. Kwa nini? Kwa ajili ya litiumu ya Manono, jiwe linalotafutwa sana kwa kutengeneza betri za gari za umeme. Akiba ya Manono inahesabiwa kati ya zile kubwa za dunia nzima. Kampuni zinahitaji umeme kwa kuchimba, na umeme uko hapa, ndani ya maji yetu. Mimi nafurahi. Lakini naogopa kitu kimoja: waya zipite juu ya vichwa vyetu kama zamani, gari za mbali ziende bila moshi, na mama zetu wabaki kupuliza moto wakitoka machozi. Ni haki yetu kuomba kwamba umeme uanzie shule, nyumba ya uzazi na mashine ya kusaga unga, mbele ya kwenda mbali.

Lakini anayeomba awe na mikono safi. Hapo ndipo narudi kwenye adhabu yangu. Miti ya kando ya mto na ya milimani inashika udongo. Tukiikata yote, mvua inashusha udongo ndani ya maji, mchanga unajaa mbele ya ukuta wa kituo, na mashine zinaharibika. Tutalilia umeme wa Luvua huku sisi wenyewe tunauziba! Na makala ni mbaya kuliko kuni: kwa njia yetu ya kufunika kwa udongo, kilo 1 ya makala inakula kilo 5 mpaka 8 za mti.

Najua mtaniuliza: "Sasa bukari itapikwa na nini? Na maneno?" Swali ni la haki. Hakuna anayeweza kuacha kuni kesho. Lakini kuna watu waliopanda kuni yao. Kule Mampu, upande wa Kinshasa, walipanda akasia kwenye hektari karibu 8,000, na katikati ya miti wanalima muhogo. Wanakata, wanapanda tena. Sisi tuna shamba la nyuma ya uwanja wa mpira, lina majani matupu.

Basi, kwa heshima, naomba Bwana Prefe na walimu mambo matatu. Kwanza, adhabu ya kuni iishe. Anayekosa apande mti na kuumwagilia mpaka ushike. Pili, jiko la mafiga matatu lijengwe kuta za udongo, ili moto usipotee pembeni, na kuni ikauke mbele ya kutumiwa. Tatu, mwanafunzi yeyote asikate tena mti kando ya mto, hata akitumwa na mkubwa. Hata akitumwa na mimi.

Wenzangu wa darasa la sita wananicheka: "Wewe ni finalisti, utatoka hapa mbele ya mti kufika magotini." Ni kweli. Sitapikia kuni ile. Lakini hata wale waliojenga kituo hawakujenga kwa mwaka mmoja wao tu, na katika ibada tunafundishwa kwamba Adamu alipewa bustani aitunze, si aimalize.

Jumamosi hii, baada ya kufagia, nitakuwa nyuma ya uwanja na jembe. Wale wanne wakipenda waje, lakini si kwa adhabu. Safari hii adhabu ni yangu.

Ndugu yenu,
Mkubwa wa wanafunzi, darasa la sita