Nyumba Husimama kwa Wakaaji Wake



Wako vijana wetu wanaosema kuwa Marekani haina ya kale, kazi yake ni kuvunja na kujenga upya. Mimi huwaambia waende Savannah, katika jimbo la Georgia, wakatazame, kisha waje tuzungumze.

Mji ule ulipimwa na James Oglethorpe mwaka 1733. Kila mtaa uliwekewa uwanja katikati, nyumba zikauzunguka. Viwanja vilifika 24, na leo vimesalia 22, vina miti ya kivuli na viti vya kukalia. Aliyelelewa barazani hana haja ya kuelezwa faida yake.

Mwaka 1954 soko la mji lilivunjwa ili pajengwe jengo la kuwekea magari. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya nyumba ya Isaiah Davenport, iliyojengwa mwaka 1820. Hapo wanawake 7 wakasema, basi, yatosha. Zikachangwa dola 22,500, nyumba ikanunuliwa, na chama cha Historic Savannah Foundation kikaanza. Baadaye chama kikawa kinanunua nyumba mbovu na kumwuzia aliye tayari kuitengeneza, na katika hati huandikwa sharti kwamba haivunjwi. Fedha zikirudi, hununua nyingine. Sisi tuliosoma madrasa tunaiona hapo sura ya wakfu: sharti hufuata nyumba, halifi na mwenyewe. Na lile jengo la magari? Nalo lilibomolewa, na uwanja wa Ellis ukafunguliwa tena mwaka 2010. Zaidi ya miaka 50 kurudisha kilichovunjwa kwa siku chache!

Lakini sifa hizo zina dosari. Nyumba zilipopendeza, bei na kodi zilipanda, na wapangaji maskini, wengi wao watu weusi, wakalazimika kuhama. Rangi mpya, majirani wageni. Leopold Adler, mmoja wa viongozi wa chama hicho, aliliona jambo hili. Mwaka 1974 akaanzisha mradi wa kutengeneza nyumba za mtaa wa Victorian ili wenye kipato kidogo wabaki humo humo. Kwa maoni yangu, tendo hilo linashinda kuokoa nyumba ya Davenport, kwani nyumba isiyo na watu wake ni sanduku tupu, hata likiwa na nakshi.

Nayasema haya kwa kuwa wengi wetu tuna mafungu katika nyumba za Mji Mkongwe, Unguja. UNESCO iliuandika mji ule katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini karatasi haizuii mvua. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit-al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ilianguka na watu 2 wakafa. Ikiwa jumba la serikali limefikwa na hayo, itakuwaje nyumba ya warithi 18, walio Maskati, London na hapa Marekani, kila mmoja akimngoja mwenziwe atume fedha za chokaa?

Katika ukoo wetu yameletwa maneno ya kuiuza nyumba ya marehemu babu kwa mwenye hoteli. Sikatai kuwa atatengeneza paa na kuusugua mlango. Nauliza tu: shangazi yetu mkubwa, anayeishi chini, na wapangaji waliomfaa katika maradhi, watakwenda wapi?

Rai yangu ni hii. Kila mwenye fungu atoe kiasi awezacho kila mwaka, hesabu iandikwe na isomwe mbele ya wote. Paa litangulie. Asiyetaka kubaki auze fungu lake kwa jamaa kwanza. Kisha tukubaliane tuiweke nyumba wakfu, na sharti la kwanza liwe kwamba aliyemo hatolewi.

Msiponikubalia, nijibuni kwa hoja. Lakini msikae kimya, maana mvua za masika hazitungoji.

Wabillahi tawfiq.