HUO NI UPUNJAJI, SI BIASHARA



Analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam 31 Desemba 2012, na bibi zetu huku Tanga nao wakalazimika kununua king'amuzi. Sawa, dunia imebadilika.

Lakini wewe muuzaji unayeswali safu ya mbele, kwa nini unamwambia mzee asipolipia kila mwezi hataona hata TBC1? Utaratibu wa TCRA kwa ving'amuzi vya antena ni kwamba chaneli za bure zionekane hata kifurushi kikiisha! Unajua, ila unanyamaza.

Utasema "tulikubaliana". Alikubali kwa sababu ulimficha!

Suratul Mutaffifin inaanza kwa kuwaonya wapunjaji. Au unadhani mizani ni ya wauza mchele tu? Mrudishie mzee pesa yake kabla ya Ijumaa.