Samaki Mmoja na Tenga Zima: Je, ni Haki Kuwahukumu Wanachama Wote kwa Kosa la Chama?

Kuna methali ambayo wanasiasa wetu wameitumia mpaka imechakaa: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mpinzani huitumia dhidi ya chama tawala kila inapozuka kashfa ya fedha za umma. Kada wa chama tawala naye huwageuzia wapinzani kila mmoja wao anapoteleza. Vijiweni, katika makundi ya simu, hata katika kumbi za mihadhara ambako tungetarajia uchambuzi wa kina zaidi, hukumu hutolewa kwa tenga zima: “CCM ni wale wale”, “wapinzani wote ni matumbo tu”. Anayeuliza ni nani hasa, na alifanya nini, huonekana ana lake jambo.

Nataka kuliuliza swali hilo kwa makusudi. Hukumu ya jumla imekwisha kugharimu watu kazi, majirani na hata maisha katika nchi hii, na nina shaka kubwa kama imewahi kumgharimu mkosaji mwenyewe chochote.

Nianze na pale ambapo, kwa maoni yangu, hukumu ya jumla ni halali. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 67, inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Ibara ya 71 inamvua ubunge pindi anapoacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni. Kwa lugha nyepesi, mbunge wetu ameshonwa katika chama chake kama kiraka katika kanzu. Anajua kwamba vikao vya chama vikimvua uanachama leo, kiti chake kitakuwa wazi kesho. (Tumeona pia jinsi kanuni hiyo inavyoweza kusubirishwa inapofaa: wabunge 19 wa viti maalumu waliofukuzwa na CHADEMA Novemba 2020 waliendelea kukaa bungeni. Lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.) Katika mazingira hayo, mpigakura anayekikataa chama kizima kwa sababu ya sera zake au mwenendo wake serikalini hajamdhulumu mtu. Hakuna aliyezaliwa na haki ya kupigiwa kura. Mgombea mwema aliyeangushwa na jina baya la chama chake amepoteza kiti, lakini hajapokonywa haki.

Kura, hata hivyo, ni hukumu juu ya nani atawale. Dhuluma huanza pale tunapoichukua hukumu hiyo na kuipeleka mahali isipostahili: kazini, dukani, msikitini, makaburini.

Zanzibar imelijua jambo hili kwa gharama kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya Muungano. Mwishoni mwa miaka ya 1950, ushindani wa Hizbu na Afro-Shirazi uliingia mpaka ndani ya nyumba. Watu walisusiana maduka na mabasi, wakulima walifukuzwa katika mashamba waliyokuwa wakiishi, majirani wakaacha kuzikana. Juni 1961 ghasia za siku ya uchaguzi na siku zilizofuata ziliua watu 68, wengi wao mashambani, mbali na ofisi yoyote ya chama. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Hizbu hakikuwapo tena, lakini jina lake halikuzikwa. Liligeuka tusi, likabandikwa hata kwa vijana ambao wazazi wao walikuwa bado watoto chama hicho kilipovunjwa.

Hebu sasa tuwatazame watu wenyewe badala ya majina ya vyama vyao. Abdulrahman Mohamed Babu alikuwa katibu mkuu wa Hizbu mpaka mwaka 1963, alipojitoa na kuanzisha chama cha Umma. Miezi michache baadaye alikuwa waziri wa mambo ya nje katika serikali ya Mapinduzi. Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye kwa robo karne jina lake lilikuwa sawa na upinzani, alikuwa Waziri Kiongozi wa serikali ya CCM kuanzia 1984 hadi 1988, kisha akafukuzwa katika chama hicho. Alipofariki Februari 2021 alikuwa Makamu wa Kwanza wa Rais kupitia ACT-Wazalendo. Anayewahukumu watu kwa jina la chama atuambie ni Babu yupi na Seif yupi anayemhukumu, na wa mwaka gani.

Baada ya uchaguzi wa 1995 uhasama ulirudi kwa sura mpya. Watumishi wa serikali waliodhaniwa kuwa wa CUF walipoteza kazi zao. Kisiwani Pemba, ambako CUF kilikuwa na nguvu, wachache waliojulikana kuwa wa CCM walisusiwa na majirani zao wenyewe, dukani na misibani. Naitaja mikono yote miwili kwa sababu kila upande hupenda kusimulia nusu moja tu ya kisa hiki. Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi, watu zaidi ya 30 wakauawa. Mwana-CCM wa Wete aliyenyimwa chumvi na jirani yake hakuwa ametoa amri ya kufyatua risasi. Karani wa Unguja aliyefukuzwa kazi hakuwa amepanga maandamano. Kila mmoja alilipishwa deni la mwingine, kwa sababu mdaiwa mwenyewe hakufikika. Maridhiano ya Novemba 2009 kati ya Rais Amani Karume na Maalim Seif, yaliyothibitishwa na asilimia 66.4 ya wapigakura katika kura ya maoni ya Julai 2010, hayakumtaka mtu yeyote arudishe kadi yake. Yaliwataka watu waishi pamoja wakiwa na kadi tofauti.

Watumishi wa umma wanaosoma safu hii wanajua upande mwingine wa suala hili, hasa wale waliokaribia kustaafu. Kuanzia mwaka 1965 hadi 1992 nchi hii ilikuwa na mfumo wa chama kimoja. Matawi ya chama yalikuwa viwandani, maofisini, vyuoni, hata makambini mwa jeshi. Mwalimu, mganga na karani walichukua kadi ya TANU, na baada ya 5 Februari 1977 kadi ya CCM, kila mmoja kwa sababu yake. Wapo walioliamini Azimio la Arusha kwa dhati ya moyo. Wapo waliotaka cheo. Wapo waliotaka tu wasisumbuliwe. Kadi zote zilikuwa za rangi moja. Mtu atakayeniambia kwamba kadi hiyo inamweleza mwenye nayo, na aniambie ni yupi kati ya hao watatu.

Iraki walijaribu njia ya mkato. Mei 2003 utawala wa Marekani nchini humo ulitoa Amri Namba 1, iliyowaondoa katika utumishi wa umma wanachama wa ngazi nne za juu za chama cha Baath. Katika nchi ambayo kadi ya chama ilikuwa ngazi ya kupandia cheo kazini, amri hiyo iliwatupa nje maelfu ya walimu na wataalamu pamoja na watesaji waliokusudiwa. Wizara zilipwaya. Wenye uzoefu walijikuta mitaani bila mshahara na bila heshima, na baadhi yao wakaishia katika uasi. Hakuna aliyeuliza mmoja mmoja alifanya nini. Ilitosha kujua ngazi yake katika daftari la chama.

Najua jibu la wanaharakati, na ni jibu zito: ukimya nao ni kitendo. Mwanachama anayeona wizi, anabaki, analipa ada na kupiga makofi mkutanoni, anawezaje kudai kuwa hahusiki? Sipingani na hoja hiyo. Nasema tu kwamba ndiyo inayotulazimisha tumtazame mtu mmoja mmoja, maana ukimya wa waziri si ukimya wa balozi wa nyumba kumi. Hata Mahakama ya Nuremberg, iliyokuwa na kila sababu ya kutumia fagio pana, ilikataa kufanya hivyo. Katika hukumu yake ya 1946 ilizitangaza baadhi ya taasisi za Wanazi, SS na Gestapo zikiwamo, kuwa za kihalifu. Lakini iliwatoa katika hatia hiyo wale ambao hawakujua malengo ya kihalifu ya taasisi husika, na wale walioandikishwa na dola bila hiari yao, isipokuwa kama walishiriki wenyewe katika uhalifu. Kujua, kuwa na hiari, kutenda. Ikiwa vipimo hivyo vilifaa kwa SS, sioni kwa nini visifae kwa mjumbe wa shina Sumbawanga.

Sasa nifike mahali ambapo, nadhani, tumejidanganya zaidi. Tunaamini kwamba hukumu ya jumla ni ukali dhidi ya wakosaji. Kwa hakika huwapa mahali pa kujificha, kwa maana kosa likishakuwa la chama, mtu husafishika kwa kubadili chama tu.

Turudi nyuma kidogo. Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA alisoma hadharani orodha ya viongozi aliowatuhumu kwa ufisadi, Edward Lowassa akiwamo. Februari 2008 Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond. Yeye alikana kutenda kosa, na hakuwahi kushtakiwa mahakamani kwa jambo hilo. Miaka saba baadaye, Julai 2015, CCM ilipolikata jina lake katika kinyang'anyiro cha urais, alihamia CHADEMA na kuwa mgombea wa muungano wa UKAWA. Ndani ya wiki chache, ndimi zilizomtuhumu zikamwimbia. Ndimi zilizomtetea zikamtuhumu. Slaa mwenyewe alijitoa katika siasa za chama kwa sababu hiyo, na baadaye akateuliwa na serikali ya CCM kuwa balozi nchini Sweden. Machi 2019 Lowassa akarudi CCM na kupokewa kwa shangwe. Katika safari yote hiyo, ya kwenda na kurudi, swali la Richmond lilibaki pale pale lilipoachwa mwaka 2008. Kilichobadilika ni rangi ya shati.

Ni nani aliyeiongoza kamati teule ile? Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa CCM. Spika aliyeruhusu ripoti isomwe na kujadiliwa, Samuel Sitta, alikuwa wa CCM. Mwaka 2014 sakata la akaunti ya Escrow ya Tegeta, lililohusu fedha zaidi ya shilingi bilioni 300, liliibuliwa bungeni na David Kafulila wa NCCR-Mageuzi. Lakini mezani, ripoti ya Kamati ya Hesabu za Serikali iliwasilishwa na Zitto Kabwe, mwenyekiti wake kutoka upinzani, akisaidiwa na makamu wake, Deo Filikunjombe, mbunge wa CCM wa Ludewa. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu, na mawaziri wawili wakapoteza nyadhifa zao. Kwa mwenye kuhukumu tenga zima, Filikunjombe hana mahali pa kukaa: ni CCM, basi ameoza. Na kijana aliyemo ndani ya chama hicho leo, anayepima kama aseme au anyamaze, anajifunza nini kutokana na hesabu hiyo? Anajifunza kwamba ujasiri wake hautamwongezea heshima nje, na ndani utampotezea nafasi.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaodhani kuwa tatizo letu ni tabia ya wananchi kupenda kujumuisha. Wananchi wanajumuisha kwa sababu wamenyimwa nyenzo za kutofautisha. Maamuzi mengi ya Bunge letu hupitishwa kwa sauti: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, na Spika huamua upande ulioshinda kwa masikio yake. Mpigakura wa Ludewa au wa Kyela hawezi kujua mbunge wake alisema nini. Sauti yake imeyeyuka ndani ya sauti ya chama, na hivyo chama ndicho pekee kinachobaki kuhukumiwa.

Njia nyingine ya kumtenga mtu na chama chake, yaani mgombea binafsi, nayo imezibwa. Mchungaji Christopher Mtikila alilifuatilia suala hilo mahakamani tangu miaka ya 1990. Mahakama Kuu ilimpa haki, Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikasema suala hilo ni la Bunge, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapa hapa Arusha, ikaamua kwamba katazo hilo linakiuka haki za raia. Ibara ya 67 bado imesimama kama ilivyokuwa.

Mabadiliko ya Katiba ni safari ndefu, na sitarajii yafike kesho. Kura ya majina haihitaji safari hiyo. Tayari Bunge hulifanya jambo hilo mara moja kila mwaka, pale bajeti ya Serikali inapopitishwa: katibu huita jina, mbunge husimama na kujibu mbele ya kamera. Inachukua muda, lakini inafanyika, na hakuna aliyewahi kudhurika kwa kuitwa jina. Utaratibu huo huo utumike kwa kila muswada na kwa kila azimio linalohusu ripoti ya kamati teule au ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Orodha ichapwe katika Taarifa Rasmi za Bunge, ambazo hutoka kwa kila siku ya kikao na ambazo wanafunzi wangu huzisoma bila malipo. Kurasa mbili zaidi zinatosha.