Saa ya Chakula Ipangwe na Anayeosha Sahani

Wapo wanaodhani kwamba saa ya kula chakula cha usiku ni jambo la mapendeleo tu, kama kutia pilipili au kuiacha. Napinga. Kila tunapochagua kula mapema au kula kwa kuchelewa, tunamchagulia mtu mwingine saa ya kufika kwake. Na sisi wanafunzi wa Bujumbura, ambao darasani hatuchoki kuzungumzia haki, tumekuwa tukichagua vibaya.

Nianze na mahali ambapo swali hili huulizwa waziwazi. Katika meli kubwa za utalii, kama zile zinazotia nanga Mombasa na Zanzibar, ukumbi wa chakula mara nyingi hauwatoshi abiria wote kwa pamoja. Kwa hiyo wenye meli hupanga zamu mbili: ya kwanza karibu saa kumi na mbili jioni, ya pili karibu saa mbili na robo au na nusu usiku. Abiria huchagua kabla ya safari. Wenye watoto wadogo na wazee hupenda zamu ya kwanza. Wanaotaka kutazama jua likizama, kuvaa taratibu na kukaa mezani bila kuharakishwa hupenda ya pili. Kila mmoja ana sababu zake, na sababu zote ni nzuri.

Asiyeulizwa ni mhudumu. Yeye yuko katika zamu zote mbili. Wa kwanza wakiondoka, hubadilisha vitambaa, hupanga upya visu na uma, kisha husimama mlangoni akitabasamu kana kwamba kazi ndiyo kwanza inaanza. Asubuhi huenda akahitajika tena kwenye chai. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, unasema kwamba nchi ikichagua kuweka kikomo cha kazi, baharia asizidishe saa 14 kwa siku wala saa 72 kwa wiki. Nchi ikichagua kuhesabu mapumziko, asipewe chini ya saa 10 kwa siku, na saa hizo zinaweza kukatwa mara mbili mradi kipande kimoja kisipungue saa sita. Soma tena: saa sita. Ilibidi mataifa yakutane na kuandika kwamba mtu anayefanya kazi melini alale angalau kiasi hicho bila kuamshwa.

Msomaji atauliza: sisi watu wa ziwa, meli za bahari zinatuhusu nini? Zinatuhusu kwa sababu Rohero ina zamu hizo hizo, ila haijaziandika. Hapa ndipo penye kumbi, hoteli na mikahawa ambamo tunafanyia harusi, sherehe za kutetea tasnifu na karamu za kumaliza mwaka. Wanaopika na kuosha vyombo hawalali Rohero. Wengi wanatoka Kinama, Kamenge, Buterere, Kanyosha. Jambo hili lina historia. Wakati wa Wabelgiji, Rohero ilipangwa iwe mtaa wa Wazungu, na Waafrika wakapangiwa Buyenzi na mtaa uliokuwa ukiitwa Belge, ambao leo ni Bwiza. Mtumishi alikuja asubuhi kuhudumu na kurudi kwake usiku. Wakoloni waliondoka mwaka 1962. Safari ya mtumishi haikuondoka.

Safari hiyo imekuwa ngumu zaidi miaka hii. Machi 2022, pikipiki za abiria, bajaji na baiskeli zilikatazwa kuingia katikati ya jiji. Kisha mafuta yakawa adimu, foleni za magari zikazunguka vituo vya mafuta, na mabasi yakapungua. Kila mwanafunzi anayesoma makala haya amewahi kusimama kwenye mstari wa basi jioni, begi kifuani, akihesabu vichwa vilivyo mbele yake. Basi afikirie mstari huo saa nne usiku, wakati hakuna tena mstari wala basi. Aliyebaki kuosha sahani zetu ana njia mbili: kulipa taksi ambayo itameza ujira wake wa siku, au kutembea gizani hadi kwake. Akiwa mwanamke, sina haja ya kueleza zaidi.

Mwaka huu kamati yetu ya karamu ilikaa kupanga sherehe ya mwisho wa mwaka. Ukumbi tulioumudu ulikuwa na viti vichache kuliko wageni, ikabidi kuwe na zamu mbili, saa kumi na mbili na saa mbili na nusu. Tulijadiliana kwa muda mrefu sana. Nani ale kwanza? Wa mwaka wa kwanza wakapelekwa zamu ya mapema kama watoto. Wa mwaka wa mwisho na wageni wa heshima wakapewa zamu ya usiku. Tulizungumzia muziki, hotuba, picha, mukeke na mishikaki. Katika mjadala wote huo hakuna aliyeuliza wahudumu watarudije makwao. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sisi tulikuwa bado hatujashiba na tayari hatukuwajua.

Sasa nizijibu hoja za wanaotetea zamu ya usiku, maana nimezisikia zote.

Hoja ya kwanza ni heshima. Inasemekana kwamba mtu mzima, na hasa msomi, hali chakula cha usiku saa kumi na mbili. Nauliza: kanuni hiyo ilitoka wapi? Brussels, mwezi Juni, jua huzama karibu saa nne usiku. Anayekula saa mbili na nusu huko anakula mchana. Bujumbura iko karibu nyuzi tatu tu kusini mwa Ikweta, na jua letu huzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Kwetu saa mbili na nusu ni giza la muda mrefu. Tumeazima saa ya watu bila kuazima jua lao, kisha tukaiita ustaarabu.

Hoja ya pili ni utulivu. Wanasema zamu ya kwanza hukimbizwa: hujamaliza kutafuna, sahani imeondolewa. Ni kweli. Lakini wanaokimbizwa wanakimbizwa na nani, kama si na zamu ya pili inayongoja mlangoni? Anayechagua zamu ya usiku ili ale kwa utulivu amenunua utulivu huo kwa haraka ya mwenzake wa jioni na kwa usingizi wa mpishi.

Hoja ya tatu ni malipo: wahudumu wanafurahi, kwa kuwa saa nyingi ni fedha nyingi. Huenda. Basi anayesema hivyo atuonyeshe mahali zilipoandikwa saa hizo za ziada katika bajeti ya karamu. Katika bajeti yetu niliona ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo na spika. Ukumbi ulilipiwa kwa usiku mzima, na mhudumu alikuwa ndani ya bei ya ukumbi pamoja na viti.

Hoja ya nne inajifanya suluhu. Tusipange zamu, wanasema, chakula kiwekwe mezani kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne, kila mtu ale atakapo. Hata meli zimejaribu mtindo huu. Kampuni ya Norwegian Cruise Line iliutangaza mwaka 2000, na nyingine zikafuata kwa namna zao. Ni uhuru mzuri kwa mlaji. Lakini wakati wowote wa mlaji ni wakati wote wa mpishi. Sufuria lazima ikae motoni, na mtu akae karibu nayo.

Iliyobaki ni hoja moja ambayo naiheshimu. Wapo wenzetu wanaofanya kazi mchana na kusoma jioni. Vipindi vyao huisha usiku, na ukisema karamu ni saa kumi na mbili umewafungia nje. Hawa hawaombi zamu ya usiku kwa anasa. Wao ni ndugu wa yule mhudumu, kwa kuwa nao hurudi makwao kwa shida ile ile. Jibu langu ni kwamba karamu ya watu kama hao ifanywe Jumamosi au Jumapili mchana. Tatizo si zamu ya mapema. Ni kung'ang'ania kwamba sherehe haijawa sherehe mpaka usiku uingie.

Atakayesema kwamba haiwezekani watu wengi kula mapema na kwa pamoja, na avuke aende Buyenzi mwezi wa Ramadhani. Jua likizama, adhana ikasikika, mtaa mzima unafungua kwa wakati mmoja. Tajiri hasemi atafuturu zamu ya pili kwa sababu ya cheo chake. Na jambo ninalotaka tulitazame ni hili: mpishi naye amefunga. Tende inapofika mdomoni mwa mgeni, nyingine imefika mdomoni mwa aliyepika. Nafasi ikiwa ndogo, watu hukaa kwenye mkeka wakabanana. Hakuna anayeona kwamba heshima yake imepungua.

Kwa hiyo naileta hoja yangu mbele ya wanafunzi wenzangu, na mbele ya walimu wetu ambao huwa tunawawekea viti vya zamu ya usiku bila hata kuwauliza. Karamu yoyote itakayobeba jina letu iwe na zamu moja, hata kama itabidi tupunguze wageni au tukodi ukumbi wa kawaida wenye nafasi zaidi. Sahani ya mwisho iondolewe mezani kabla ya saa moja na nusu. Hotuba zisomwe kabla ya chakula, na anayechelewa asisubiriwe, hata akiwa mgeni rasmi. Wahudumu wale kwanza, chakula kikiwa cha moto, wakiwa wameketi. Na katika bajeti uongezwe mstari mmoja ambao mwaka huu haukuwemo: usafiri wa kuwafikisha nyumbani waliotuhudumia.

Wa mwaka wa mwisho watalalamika kwamba tumewanyima usiku wao. Wakitaka muziki, wabaki wacheze mpaka alfajiri. Vyombo vitakuwa vimekwisha kuoshwa, na aliyeviosha atakuwa kwake Kinama, ameketi na watoto wake.